Taa ya VDC haizimi na sensa nimebadilisha mara mbili

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2011, ile hachibeki, gia za mkono. Mwezi wa nne tairi la nyuma kulia lilianza kuvuma, nikapeleka gereji wakabadilisha beringi na uvumaji ukaisha siku ileile, ila toka hapo nikifika spidi kama 40 inawaka taa ya ABS (ile ya breki za kuzuia tairi lisijifunge) pamoja na ile ya kigari kinachoteleza. Nikizima gari nikawasha zinapotea halafu zinarudi tena. Fundi akasema sensa, nikanunua, haikusaidia, akasema hiyo ni feki tafuta og, nikapata ya mtumba wa Japani, bado. Sasa hivi anasema ni boksi la ABS lenyewe na bei aliyonitajia ni ada ya watoto ya mwaka mzima. Kuna sehemu nilipimiwa kwa skana ikatoa namba ya hitilafu C0026. Kingine, nikikaribia kusimama kwenye foleni pedali inatetemeka na kunguruma chini ya mguu na barabara ni kavu kabisa. Natakiwa kwenda Iringa na familia na ule mlima wa Kitonga unanipa wasiwasi. – Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana kaka, na usinunue hilo boksi. Kila kitu umeshakiandika mwenyewe kwenye barua yako ila hakuna aliyekaa kukisikiliza.

Tuanzie kwenye taa. Taa ya VDC, yaani hiyo ya kigari kinachoteleza, inakwambia mfumo wa kuzuia gari lisiteleze umejitoa kazini, haikwambii kifaa gani kimekufa. Huu mfumo, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza barabarani mwaka 1995, unaishi kwa kulinganisha vitu vichache, yaani usukani umeukata kiasi gani, gari lenyewe linazunguka kiasi gani, na kila tairi linakwenda spidi ipi. Kimoja kikileta habari isiyoeleweka kompyuta inaona bora isiguse breki zako kabisa kuliko kukukamatia tairi lisilohusika, na hapo ndo inawasha taa. Kwenye Subaru za umri wa lako hata koili ya plagi ikizingua taa ya injini inawaka na VDC inajizima nayo, taa ya kruzi (ile ya kushikilia spidi yenyewe) inabaki inapepesa, watu wanakimbilia kufungua breki wakati shida iko kwenye plagi. Kwako taa ya injini haijawaka kwa hiyo hilo tunaliacha.

Sasa hiyo C0026. Kwenye Subaru namba za sensa za matairi zinakwenda mbilimbili, 21 na 22 mbele kulia, 23 na 24 mbele kushoto, 25 na 26 nyuma kulia, 27 na 28 nyuma kushoto. Ile ya witiri ni waya umekatika au umepiga shoti. Ile ya shufwa, kama yako, ni kwamba waya uko sawa ila habari inayopita humo ndani imevurugika. Ingekuwa sensa imekufa au soketi imeachia ungepata 25. Umepata 26, tairi lilelile lililobadilishwa beringi, siku ileile. Mimi hapo naangalia beringi kabla ya kitu kingine chochote.

Gari lako halina lile gurudumu la meno la chuma ambalo mafundi wengi wamelizoea kwenye magari ya zamani. Kwenye beringi yenyewe, upande wa ndani, kuna sili nyeusi ambayo imefunikwa sumaku ndogondogo kuzunguka duara lote, kaskazini kusini kaskazini kusini, sensa inazihesabu zikipita. Kwa macho inaonekana sili ya kawaida tu. Zipo beringi za bei chee madukani ambazo sumaku hazina au ni dhaifu, zinakaa vizuri, hazivumi, ila sensa haina cha kuhesabu. Na hata beringi nzuri, ikiokota chenga za chuma pale gereji wakati wa kugonga, kuna sehemu ya duara inapotea. Mtetemo wa pedali unaousikia kabla taa hazijawaka ndo huohuo, spidi ikishuka mawimbi ya sensa yanakatika, kompyuta inadhani tairi moja limesimama ghafla yaani limejifunga, inaanza kuachia breki ya hilo tairi. Kwa hiyo hilo sio la kuvumilia, ukiwa nyuma ya lori hizo futi chache unazihitaji.

Kabla ya kufungua chochote tafuta fundi mwenye skana inayoingia kwenye ABS, sio kile kidude cha bluetooth cha kusoma injini. Mpande wawili, wewe endesha mnyoofu kwa spidi 20 mpaka 30 na yeye aangalie spidi za matairi manne moja kwa moja. Zote zitakuwa karibu sawa, ya nyuma kulia utaiona inaruka au inaanguka sifuri halafu inarudi. Ikiwa hivo ondoeni beringi. Chukua pini ya ofisi, ipitishe taratibu juu ya ile sili nyeusi, beringi iliyo sawa inaivuta kidogo kila mahali duara zima. Ile isiyovuta popote irudishe dukani na risiti. Ikivuta vizuri duara zima ndo angalia waya unaopita kwenye mkono wa sospensheni, usije ukawa umebanwa au umechubuka.

Halafu pima matairi yako maana STI haitaki mchanganyo. Subaru wanataka mzunguko wa matairi usizidiane zaidi ya milimita 6 hivi, ukiweka mawili mapya na mawili yaliyoisha unaichanganya kompyuta na unaitesa difu ya katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na hiyo difu ukiijua bei utalia.

Iringa subiri mpaka itengenezwe. Breki za kawaida zipo ila ABS haipo, na siku taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na hiyo ya ABS paki hapohapo uite gari la kuvuta, maana hapo hata ugawaji wa breki kati ya mbele na nyuma umeondoka na tairi za nyuma zinaweza kujifunga kwanza. Na tafadhali usikubali mtu akwambie atoe balbu ya hiyo taa ili isionekane. Nimeona magari yanauzwa hivo na anayenunua anapanda na watoto wake akiamini kila kitu kipo.

SWALI: Nimefanya alaimenti kwenye Toyota 86, sasa usukani umekaa upande kidogo na kwenye raundabauti taa ya kuteleza inapepesa hata nikienda polepole. Wanataka kubadilisha sensa ya usukani. – Msomaji wa kike, Arusha

JIBU: Dada, rudi kwa walewale wa alaimenti, wanyooshe usukani kwanza kwa kurekebisha tairodi (vile vyuma vinavyokata matairi ya mbele) za pande zote mbili, sio kuung'oa usukani na kuurudisha. Kwa sasa kompyuta inaona umekata kona wakati gari linakwenda mnyoofu. Ukishakaa sawa sensa zisetiwe upya kwa skana, gari likiwa kwenye sakafu tambarare na hakuna mtu ndani anayejigeuzageuza. Kubadilisha sensa maana yake kufungua mpaka eabegi, na hujafika huko.