Wakwe Wanakuja, Mawaridi Yanainama

SWALI: Jumamosi tunawapokea wakwe kwa chakula cha jioni, watu 8, meza ya sentimita 240 kwa 100. Mara iliyopita niliweka chombo kirefu cha mawaridi katikati. Wageni waliongea wakichunguliana, na kabla pilau haijapakuliwa maua yalishainamisha vichwa. Nilikosea wapi? – Msomaji, South B

JIBU: Chombo kirefu kiachie sebule. Keti mezani, simamisha kiwiko: pambo lisipite kifundo cha mkono, yaani kama sentimita 25. Urefu wake uwe theluthi ya meza, kwako 80. Upana usizidi 25, maana sahani na glasi hula karibu sentimita 38 kila upande. Na kama sinia la pilau litakaa mezani badala ya kuzungushwa, fupisha pambo libaki 50. Chakula ndicho mwenyeji.

Kuinama ni kiu. Bua likikaa nje ya maji, tuseme kwenye foleni ya magari, hewa huingia na kuziba njia ya maji. Maji machafu nayo huleta bakteria wanaoziba vilevile. Nunua Ijumaa, pale City Market au kwa muuzaji wako. Ng'oa majani yatakayozama, kata sentimita 2 za bua kwa mshazari likiwa ndani ya maji, kisha liache kwenye ndoo safi usiku kucha, mahali pa baridi, mbali na ndizi mbivu: gesi yake huzeesha maua. Lililokwisha kuinama likate tena, lifunge kwa gazeti shingo ikiwa imenyooka, ulitumbukize kwenye maji ya vuguvugu kwa saa mbili. Mengi huinuka.

Kwa pambo lenyewe, matofali 2 ya oasisi, yaani sifongo ya kuchomekea maua inayofyonza maji, yatoshe, yakipangwa kwa urefu juu ya trei. Yaweke juu ya maji yazame yenyewe. Ukiyakandamiza, kiini hubaki kikavu na hapo ndipo waridi hufia, ingawa nje panaonekana pamelowa. Anza na majani. Yale ya ncha ndiyo yatakayofikisha zile 80. Kisha mawaridi kama 25: ya juu mabua ya sentimita 12, ya pembeni 8, yote yaingie sentimita 4 au 5 ndani ya oasisi. Ukichomoa ua, usilirudishe tundu lilelile. Mishumaa isiwe ya manukato; inagombana na iliki.

SWALI: Chavua ya lili imechafua kitambaa cheupe cha meza. Nimesugua kwa maji, doa limezidi. – Msomaji, Ngara

JIBU: Chavua ina mafuta, maji huisukuma ndani ya nyuzi. Ingekuwa bado kavu, ungekikung'uta nje kisha uinase kwa selotepu. Sasa kiloweke kwenye maji baridi yenye sabuni ya unga, ukianike juani kikiwa kibichi. Jua hufifisha rangi hiyo. Siku nyingine, lili likifunguka tu, chomoa vile vifuko 6 vya chavua kwa karatasi ya shashi kabla havijapasuka.