Kijana kapiga hom rani Machi nzima, mbona kashushwa?

Mkuu, nimeyasoma malalamiko yako. Timu yako ya besiboli imetangaza wachezaji 26 wa kuanzia msimu, kijana aliyekuwa anautoa mpira nje ya uzio tangu kambi ya mazoezi ya kabla ya msimu ifunguliwe karudishwa ligi ndogo, na nafasi kapewa mtu wa miaka 33 ambaye Machi nzima alikuwa anakata upepo tu, mpira haugusi. Unauliza kocha haoni? Anaona, tena vizuri. Ila orodha ile haiandikwi na kocha peke yake, na wala haihusu tu nani anapiga vizuri.

Mimi naishi Mesa, Arizona. Machi ya 2015 nilikuwa naongoza magari kwenye maegesho siku za wikiendi, jirani na uwanja ambako Chicago Cubs wanaweka kambi. Zamu ikiisha, naingia kuangalia ining za mwisho, yaani vipindi vya mwisho vya mchezo. Mtu niliyekulia Morogoro na kandanda, nilikuwa bado nauliza straiki ni nini. Lakini mwaka ule alikuwepo Kris Bryant, na kwa Bryant hukuhitaji kuelezwa. Alimaliza kambi na hom rani 9, yaani mipira aliyoipiga ikavuka uzio, hakuna wa timu yoyote aliyemfikia, na wastani wake ulikuwa .425. Yaani katika kila mara 10 alizopiga, zaidi ya 4 zilikuwa hiti, pigo linalomfikisha mpigaji beisi salama. Nikasema huyu anaanza, hakuna mjadala.

Hakuanza. Cubs walifungua msimu na Mike Olt kwenye beisi ya tatu, Bryant akapelekwa ligi ndogo. Sababu iliyotolewa ni kwamba anahitaji kunoa ulinzi wake. Pale maegesho nilifoka kama wewe unavyofoka hapa. Mzee mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi akacheka, akaniambia, "Wewe hesabu siku."

Nikaja kuelewa baadaye. Mchezaji anakuwa huru kwenda atakako akishatimiza miaka 6 ya utumishi kwenye ligi kuu, na mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Bryant alipandishwa Aprili 17. Msimu ulipokwisha alikuwa na siku 171. Siku moja! Siku hiyo moja iliwapa Cubs msimu mzima wa ziada wa kuwa naye. Akachukua tuzo ya chipukizi bora mwaka huohuo, 2016 akawa mchezaji bora wa ligi yake, na Cubs wakatwaa ubingwa waliokuwa wakiungoja tangu 1908. Alifungua malalamiko rasmi, na mwanzoni mwa 2020 msuluhishi akaamua kwamba timu haikuvunja mkataba wowote. Kisheria walikuwa sawa. Kiungwana, mimi hadi leo sijashawishika.

Tangu 2022 mkataba mpya umepunguza mchezo huo. Chipukizi akishika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye kura za tuzo anahesabiwa mwaka mzima hata kama alichelewa kupandishwa, na timu inayomwanzisha kijana wake mapema inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua chipukizi wengine. Seattle Mariners walimwanzisha Julio Rodríguez siku ya kwanza ya msimu wa 2022, akabeba tuzo, na wao wakapata zawadi yao.

Kwa hiyo suala la kijana wako sidhani ni siku. Nadhani ni karatasi, yaani masharti ya mikataba. Katika wale 26, warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, hawaruhusiwi kuzidi 13. Chukulia basi wapigaji 13: toa 9 wanaoanza, toa mdakaji wa akiba, unabaki na viti vitatu. Kelele zote za Machi ni za viti vitatu hivyo na nafasi mbili tatu za mwisho za warushaji.

Sasa mwangalie huyo wa miaka 33. Hana tena opsheni, yaani ile miaka mitatu ambayo timu inaweza kumshusha na kumpandisha mchezaji bila kumuuliza mtu. Kumshusha leo maana yake ni kumweka kwanza mbele ya timu nyingine 29, na inayomtaka inamchukua. Asipochukuliwa, kama ana miaka 5 ya utumishi anaweza kukataa kwenda chini, na mshahara wake unaendelea kuingia. Kijana wako je? Anashushwa leo, anapandishwa Mei, hakuna aliyepotea. Timu ikiwabakiza wote wawili kwenye himaya yake kwa kumkera mmoja, itamkera yule asiye na pa kwenda. Si haki, lakini ukikaa upande wa meneja mkuu ungefanya hivyohivyo, na mimi pia.

Halafu, tusidanganyane kuhusu takwimu za Machi. Hewa ya huku ni kavu, mpira unaruka. Na mrushaji mwenye uhakika wa namba yake anaweza kutupa aina moja ileile ya mpira mara kumi mfululizo kwa sababu ndio anaoujaribu mwaka huu, akipigwa hajali. Kuanzia ining ya sita mastaa wameshaoga wameondoka, wanaobaki uwanjani ni vijana wenye jezi namba 80 na kitu. Kabla hujahesabu hom rani za kijana wako, angalia zilipigwa ining ya ngapi, na dhidi ya nani.

Ungetuambia pia ana opsheni ngapi zilizobaki. Kama msimu huu ndiyo inaisha ya tatu, basi mwakani mwezi kama huu yeye ndiye atakuwa hashushiki, na utakuja hapa kulalamikia kijana mwingine aliyeondolewa ili yeye abaki.