Kazi isiyo na mteja

Kasha la bibi yangu liko chumbani kwake, Tanga, chini ya dirisha, na ndani yake kuna kanga alizoanza kuziweka kabla mama hajazaliwa. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kumpa mkono wa Idi, akaniomba nimsaidie kuzitoa zipigwe na jua. Tulizianika moja moja, na kila moja alikuwa na neno nayo: hii nilipewa na wifi yangu tulipopatana, hii niliinunua kwa hela yangu ya kwanza ya maandazi, hii nilijitanda siku tuliyomzika babu yako. Wakati huo nilikuwa na mwaka wa sita nachora kwa kompyuta. Nembo za maduka, kadi za harusi, vikatuni vya matangazo, vyote nilifanya, na sikuwa na picha hata moja ya kusema hii imetoka kwangu. Usiku ule, kabla sijalala, niliandika kwenye simu: kanga 40 za bibi.

Nawaandikia hasa wenzangu wanaochora kwa kompyuta au kishikwambi na hawagusi kalamu mpaka mteja apige simu. Msisubiri. Kazi ambayo hakuna aliyeiagiza ndiyo itakayokuonyesha mkono wako ukoje.

Ila iwekee mipaka. Kazi binafsi haina mteja wa kukuuliza imefika wapi, ndiyo maana nyingi hufia njiani. Mimi nilijifunga kwa mambo matatu: idadi ni 40, ukubwa ni mmoja, na rangi zisizidi 5 kwa picha. Ukubwa niliupata kwa kupima nguo yenyewe. Kanga ina kama sm 150 kwa 110, basi kwenye programu nikafungua turubai, yaani uwanja wa kuchorea, ya pikseli (vijinukta vinavyounda picha) 4,500 kwa 3,300, yaani pikseli 30 kwa kila sentimita ya nguo. Ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, picha hiyo inatoka na upana wa sm 38 na kimo cha sm 28, ikakaa vizuri ndani ya karatasi ya A3. Fikiria karatasi tangu siku ya kwanza. Picha ya upana wa pikseli 1,080 inapendeza kwenye simu, lakini mtu akitaka kuitundika sebuleni kwake utakuwa huna cha kumpa.

Habari ya rangi 5 niliitoa kwenye kanga zenyewe. Kiwandani kila rangi hupigwa peke yake, kwa hiyo wachoraji wa kanga wamezoea kubana tangu zamani. Kisutu, kanga ya bi harusi, kinasimama kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, na unakitambua kutoka mwisho wa mtaa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli juu ya ubao mgumu, kwa kuwa ndivyo alivyoweza kuvipata, na mng'ao wa rangi hizo ukawa sura ya kazi yake. Mimi programu ilikuwa inanipa mamilioni ya rangi, na kwa miaka sita nilikuwa narukaruka tu. Nilipojifunga kwa tano ndipo nikaona kwamba nyeupe ya kanga haijapakwa: ni nguo iliyoachwa wazi, na mchoraji aliipanga nafasi hiyo kwa uangalifu uleule aliopangia maua.

Hapa nikae kidogo, nieleze pindo, maana pindo lilinifundisha kuliko darasa lolote. Kanga ya tatu ilikuwa nyekundu, yenye korosho nyeusi zinazoizunguka pande zote nne. Nikachora korosho moja vizuri, nikainakili, nikaipanga kama mtu anayepanga vigae. Upande mrefu zikaenea sawasawa. Upande mfupi ikabaki nusu korosho, imekatika shingoni. Nikajaribu kuzibana, zikawa nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine. Jioni mbili zikaisha hivyo. Asubuhi ya siku ya tatu nikaitandaza kanga kitandani, dirisha wazi, nikaikagua kona kwa kona. Aliyeichora hakuwa amezungusha korosho hata kidogo. Kwenye kila kona aliweka ua la mraba linalojitegemea, kisha korosho zikaanzia kwenye ua moja na kuishia kwenye jingine. Kumbe kona ndizo huanza. Tangu siku hiyo nachora kona nne kwanza, nagawa nafasi iliyobaki, ndipo naamua ua la pindo liwe na upana gani.

Nikaona na jambo jingine. Nyeusi ilikuwa imesogea kidogo kutoka kwenye nyekundu, ikaacha uzi mweupe upande wa kushoto wa kila korosho. Mimi nikasawazisha, picha ikawa safi na ikakosa uhai. Nikaisogeza leya ya nyeusi, yaani tabaka lenye rangi hiyo peke yake, kulia pikseli 6, sawa na milimita 2 za nguo, na kanga ya bibi ikarudi pale pale mbele ya macho yangu.

Natumia Krita, programu ya kuchora ya bure, kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Kwa ukubwa niliotaja, leya moja iliyojaa inakula karibu MB 59, kwa hiyo ukirundika leya 30 mashine ndogo inaganda. Nikimaliza rangi naunganisha leya zake, na nakala isiyounganishwa naihifadhi kando.

Sasa neno gumu. Kanga nne za mwanzo nilizinakili tu. Mama alipoziona akauliza, "Mwanangu, hii si ile ile ya dukani Mtaa wa Uhuru?" Alikuwa na haki. Ule mchoro una mtu aliyeuumizia kichwa, hata kama jina lake halimo kwenye nguo. Nikaziweka kando zile nne kama mazoezi na nikaanza upya. Nikabaki na mpangilio, yaani pindo la kuzunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa, kwa kuwa huo ni wetu sote. Jina nikaliacha kama lilivyo, kwa sababu methali haina mwenyewe. Ila maua ya pindo nayatunga mwenyewe, na mjini nachora kile bibi alichosimulia. Kanga ya maandazi ina jina "Wema hauozi", na mji wake sasa una karai, moshi, na mkono wa bibi wenye bangili moja. Kama unachora kutokana na kitu cha mtu mwingine, jiulize ni kitu gani ndani ya picha kisingekuwepo bila wewe. Ukikosa jibu, hayo bado ni mazoezi, na mazoezi yana thamani yake hata yasipoonyeshwa.

Kuonyesha nako kuna namna yake. Mwanzoni nilikuwa naweka picha iliyokamilika na neno moja chini yake, watu wanapenda na kupita. Halafu nikaanza kuweka tatu pamoja: kanga kwenye kamba, mchoro wa mistari, na kazi iliyokwisha. Chini naandika maneno ya bibi kama alivyoyasema, baada ya kumsomea kwenye simu akaridhia. Hilo la kuridhia nakusihi usiliruke, kwa sababu kuna kanga mbili ambazo habari yake alisema ibaki nyumbani, na imebaki. Watu wakaanza kuandika majina ya kanga za mama zao. Mama mmoja aliyeko Muscat aliandika kwamba anayo doti ya mama yake ambayo hajaikata mpaka leo. Kazi za kulipwa nazo zikaja, na safari hii wanaoniita wanataka mkono wangu, hawaniletei tena picha ya mtu mwingine wakisema nifanye kama hii.

Kuhusu uchapaji, nilipoteza hela. Nilipeleka kazi tano kwa mchapaji mmoja bila jaribio, na bluu iliyokuwa inang'aa kwenye skrini ikatoka imefifia kama nguo iliyofuliwa mara mia. Skrini inatoa mwanga, karatasi inapokea wino, na zipo bluu na kijani ambazo wino wa kawaida hauzifikii. Omba kipande kidogo kichapwe kwanza, kiangalie kwa mwanga wa mchana, urekebishe. Na faili ukimtumia kwa WhatsApp litume kama dokumenti, kwa sababu likienda kama picha linapunguzwa.

Duka moja liliwahi kuweka picha yangu kwenye fulana bila kuniuliza. Iliniuma sana. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu ulipoiumba, lakini siku ya mabishano utatakiwa ushahidi, na kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia. Kilichonisaidia mimi ni faili lenye leya zote na tarehe zake. Nililionyesha, fulana zikaondolewa. Mtandaoni sasa naweka nakala ndogo, na kubwa zinakaa kwenye diski mbili, moja nyumbani kwangu na nyingine kwa dada.

Mwezi uliopita nilimpelekea bibi picha ya ile kanga ya maandazi, imechapwa na kuwekwa kwenye fremu. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mkono uliochorwa, akasema bangili zilikuwa mbili, moja aliiuza baadaye kumlipia mama ada ya shule. Nimeongeza bangili ya pili. Zimebaki kanga 9. Ile ya mazishi ya babu sijaigusa. Bibi amesema niende mwezi wa Rajabu, nikae siku nzima, na nije na daftari.