Maswali na majibu: jua la saa sita na mahali chombo kilipo

Nimerithi sekstanti ya baba, kifaa cha kupimia pembe ya jua. Nitapataje latitudo, yaani niko wapi kaskazini au kusini ya ikweta, kwa jua la mchana?

Anza dakika kama 20 kabla ya jua kufika kileleni. Lishushe kwenye kioo mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa macho, kisha lifuate linavyopanda. Likisita, kipimo hicho ndicho chako. Ongeza dakika 16 za digrii (digrii moja ni dakika 60), maana umepima ukingo, si kitovu. Macho yako yakiwa mita 4 juu ya maji, toa dakika 3 na nusu.

Tuseme ni Juni 21, jua liko kaskazini yako, na kimo chake (pembe yake juu ya upeo) baada ya masahihisho ni 60°24′. Toa kwenye 90°, inabaki 29°36′. Almanaki, kitabu cha majedwali ya jua na nyota, inasema siku hiyo jua liko 23°26′ kaskazini ya ikweta. Toa tena: 6°10′ kusini, sawa na mji wa Unguja. Lakini usishangilie bado, waweza kuwa katikati ya Bahari ya Hindi kwenye mstari huohuo.

Na longitudo, yaani mashariki au magharibi, je?

Hapo bila saa ya kuaminika huna kitu. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika 4. Saa ikikosea sekunde 4, karibu na ikweta umepotea maili moja ya baharini. Pima kimo kabla ya adhuhuri, andika saa, ngoja jua lishuke mpaka kimo kilekile. Katikati ya nyakati hizo ndiyo adhuhuri yako, kama chombo hakijasogea sana.

Niko Unguja. Mbona saa sita kamili jua halijafika juu?

Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45° mashariki, nawe uko 39° na ushei: dakika 23 hizo. Jua lenyewe nalo halina mwendo sawa. Mwanzoni mwa Novemba hufika kileleni saa sita na dakika 7; katikati ya Februari, saa sita na dakika 37.

Likiwa utosini kabisa?

Kwenu ni mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 9. Jua hukimbia kutoka mashariki hadi magharibi kwa dakika chache, mpimaji akabaki anazunguka sitahani hajui aelekee wapi. Mimi siku hizo naliacha, nangoja nyota za jioni, upeo ukiwa bado unaonekana.