Jiwe jeusi linanuka mafuta ya taa, chini kuna mafuta?

SWALI: Kaka habari, niko Tanga vijijini. Kwenye korongo kuna jiwe jeusi la matabaka, ukilipasua linanuka mafuta ya taa. Jamaa kaniambia ni la Karoo, yaani kundi la miamba ya kale, lina miaka zaidi ya milioni 200, mafuta yake yalishaisha zamani. Ni kweli?

JIBU: Salama mdogo wangu. Umri peke yake hauui mafuta, hapo ng'ambo tu Madagascar mafuta mazito ya Tsimiroro yamo kwenye miamba hiyohiyo ya Karoo. Cha kuuliza ni hilo jiwe lilipata joto kiasi gani lilipokuwa limezikwa, maana tope lenye mabaki ya mimea na viumbe likifika kama nyuzi 60 mpaka 120 hivi linatoa mafuta, likizidi hapo linatoa gesi, likipitiliza sana ndo basi tena. Na kama halikufika huko bado ni bichi, mali ipo ila haijatoka.

Harufu ni dalili nzuri lakini haitoshi, lazima maabara. Kwanza tunapima kaboni ya viumbe, yaani ile iliyobaki kutoka kwenye mimea na viumbe vya kale, ikiwa chini ya asilimia 0.5 tunaliweka pembeni, ikifika 2 tunachangamka kweli. Halafu tunatafuta chembe za miti ya kale ndani ya jiwe tunaziangalia kwa darubini zinavyoakisi mwanga, chini ya asilimia 0.6 jiwe ni bichi, ikipita 1.3 uko kwenye gesi.

Sasa hata likiwa zuri hivyo, hilo unaloliona wewe liko juani, kilichotoka hapo kimeshapotea. Tunachotafuta ni tabaka lilelile likiwa chini sana, na pembeni yake mwamba wa mchanga wenye vitundu, na juu yake tope gumu la kufunika, kama kisiwani Songo Songo, Kilwa, ambako gesi ilipatikana 1974. Mpangilio huo wa kunasa mafuta ndo tunauita mtego, na uwe umeshajengeka kabla mafuta hayajaanza kusafiri, visima vingine vinatoka vikavu kwa sababu hiyo tu, kila kitu kipo ila mtego ulichelewa.

Ukitaka lipimwe usichukue kipande cha juu kilichopigwa jua na mvua, chimba ndani mpaka jiwe lisilochakaa, lifunge kwenye foili ya alumini siyo mfuko wa plastiki maana plastiki inaachia kemikali zake, andika GPS na tarehe, kisha kaulize GST (taasisi ya jiolojia Tanzania) Dodoma au TPDC (shirika la petroli la taifa).