Nimeambiwa "acha uboya": ni tusi au si tusi?

SWALI: Mwenzangu kazini aliniambia mbele ya watu, "Acha uboya." Nilipolalamika akafungua kamusi kwenye simu: boya ni kitu kinachoelea majini kuwaongoza manahodha. Anasema hakunitukana. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na mwenzako anajua. Boya la majini halina uboya. Hiyo u- ya mwanzo inataja tabia, kama katika ujinga na upumbavu, na mwenye tabia hapo ni wewe.

Kipimo kingine ni upatanisho. Nahodha atasema "maboya haya yamekatika". Kijiweni utasikia "maboya hawa wamepigwa". Ukiona a-/wa-, anasemwa mtu.

Tena boya si mjinga hivi hivi. Ni anayezungukwa huku akidhani yumo kwenye mpango. Ndiyo maana anayenusa utapeli husema "usinifanye boya", na kipa akipitishwa mpira miguuni tunasema kafungwa bao la kiboya. Si tusi la nguoni. Kwa marika linaishia kwenye kicheko. Kwa mkubwa wako, au mbele ya walio chini yako, linavunja heshima.

Sasa hili la "lipo kwenye kamusi". Hoja hii inachosha! Mbwa naye yumo kwenye kamusi. Mwite mtu mbwa uone. Kamusi inakupa maana, haikupi ruhusa. Hata sheria ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89, inaangalia iwapo lugha ya matusi imetumika kwa namna inayoweza kuvunja amani. Haiulizi neno lilianzia baharini au nchi kavu.

Wapo pia mafundi wa kubuni asili. Kila neno la mtaani kwao ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, herufi kwa herufi, na watu wanasambaza bila kuuliza. Boya tumelipata kwa Wareno, kama meza na leso. Usikubali asili ya neno kutoka kwa mtu asiyeweza kukuonyesha lilivyotumika zamani. Programu za kutafsiri nazo hukamata maana ya kwanza tu na kukuachia chombo cha majini.

Ukitaka kujua neno la mtaani lina uzito gani, usiulizie neno peke yake. Leta sentensi nzima, nani kamwambia nani, na waliokuwepo walicheka au walinyamaza.