Anzeni na muhuri wa tarehe

Wadogo zangu mlioripoti juzi kwenye chumba cha kuchambulia barua hapa Mwanza, kabla ya chai shikeni muhuri wa tarehe. Badilisha siku, piga kwenye karatasi chakavu, soma. Nambari isiposomeka, safisha muhuri, ongeza wino, piga tena.

Naukazania kwa sababu uliwahi kumponza mtu mikononi mwangu. Mwaka wangu wa pili kazini, kijana wa Ukerewe alituma maombi ya chuo yakiwa yamebaki majuma mawili. Nikapiga muhuri mkavu, haraka haraka. Barua ilichelewa njiani. Waliopokea walitafuta tarehe ya kutumwa, wakakuta doa. Wakamkatalia. Mama yake alikuja kaunta na bahasha iliyorudishwa, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hii barua mliipokea lini?" Nikakosa la kumwambia. Akaiacha bahasha mezani.

Kwetu kura haipiti posta. Mpiga kura huenda kituoni mwenyewe. Marekani inapita. Watu wa jimbo la Oregon wamekuwa wakimchagua rais kwa kura za posta tangu mwaka 2000. Mpiga kura husaini bahasha, na saini hulinganishwa na iliyo kwenye kumbukumbu. Mwaka 2020 yalikuwepo majimbo yaliyopokea kura hata baada ya siku ya uchaguzi, mradi muhuri uonyeshe kwamba ilitumwa ndani ya muda. Fikirieni doa langu juu ya bahasha ya namna hiyo. Posta yao huwahimiza watu watume angalau wiki moja kabla, na wao wana mashine na ndege. Sisi kuna ziwa hapa katikati.

Kwa hiyo mfuko wa barua za Nansio, kule Ukerewe, uhesabiwe na watu wawili, ufungwe wote wakiona, idadi iandikwe kwenye daftari la makabidhiano, anayeupokea asaini. Ziwa likichafuka na meli isiondoke, mfuko urudi chumbani uandikwe upya. Usilale bandarini eti "nimemwachia fulani".

Na anwani: sanduku moja la shule hubeba majina mengi, wakiwemo kina Masanja watatu. Usikisie; muulize mtumaji akiwa bado kaunta, mtaa, simu, na msimbo wa posta, ambao kwa Mwanza huanza na 33.

Ile bahasha ninayo bado, droo ya juu. Njooni niwaonyeshe lile doa.